Uchambuzi wa kisa: Dola iliyounganishwa kwa hila, ikagawanywa kwa wasia

## Kwa nini kisa hiki

Kwa desturi uchambuzi wa namna hii huficha majina, kwa sababu wahusika wangali hai na wana majirani. Kisa hiki kimepita miaka 600, na wakuu wake wamo katika kumbukumbu za Italia na Ufaransa, kwa hiyo nimewaacha na majina yao. Washauri wadogo, walinzi na watumishi sikuwataja.

Ninafuata swali moja. Gian Galeazzo Visconti, mtawala wa Milan kaskazini mwa Italia, aliipata dola nzima ya ukoo wake kwa kuukomesha mgawanyo wa urithi uliokuwa umeidhoofisha. Miaka 17 baadaye wasia wake ukaigawa tena, safari hii kati ya watoto wadogo. Hakuwa mtu wa pupa. Alikuwa msomaji, mvumilivu na mwenye hesabu ndefu kuliko karibu watawala wote wa Italia wa zama zake. Kila ninaposikia ndugu wanagombea mali ya marehemu aliyekuwa mtu wa akili, hukikumbuka kisa hiki.

## Usuli: ndugu watatu na mji mmoja

Visconti walianza kuitawala Milan mwaka 1277, Askofu Mkuu Ottone Visconti alipowashinda wapinzani wake. Alama ya ukoo ni joka lenye mtu kinywani. Hadi leo utaliona kwenye kuta za majumba ya Lombardia. Mwaka 1354 alifariki Giovanni Visconti, naye pia askofu mkuu na mtawala, na urithi ukawaangukia watoto watatu wa nduguye: Matteo, Galeazzo na Bernabò. Waligawana miji, Milan yenyewe wakaishika kwa pamoja. Mwaka uliofuata Matteo akafa ghafla, watu wakanong'ona kwamba ndugu zake wamemwekea sumu. Fungu lake likagawanywa kati ya wawili waliobaki. Galeazzo alichukua magharibi na baadaye akahamia Pavia, alikojenga ngome kubwa. Bernabò alibaki Milan na kutawala mashariki.

Gian Galeazzo, mwana wa Galeazzo na Bianca wa Savoia, alizaliwa mwaka 1351. Mwaka 1360, kabla hajatimiza miaka tisa, aliozwa Isabelle, binti wa Mfalme Jean II wa Ufaransa, aliyekuwa ametimiza miaka 12. Ni watoto walioozwa kwa sababu ya deni. Mfalme Jean alitekwa na Waingereza katika vita vya Poitiers mwaka 1356, na fidia yake ikapangwa kuwa écu milioni tatu za dhahabu. Baba wa bwana harusi alikuwa na fedha, baba wa bibi harusi alikuwa na damu ya kifalme.

Hapa msomaji wa Kiswahili asimame kidogo. Kwetu mahari hutoka kwa mume. Katika Italia ya wakati huo mali ilifuatana na mke: baba alimpa binti fedha au ardhi aende nayo kwa mumewe. Katika ndoa hii mali ilipita njia zote mbili. Visconti walimlipa mfalme mamia ya maelfu ya florini, na Isabelle akaja na eneo la Vertus, huko Champagne, pamoja na cheo chake. Waitalia wakaanza kumwita kijana huyo Conte di Virtù. Neno virtù kwao lina maana ya fadhila, na jina hilo lilimkaa maisha yake yote kana kwamba ni sifa aliyoichuma mwenyewe.

Isabelle alifariki mwaka 1372 kwa uzazi. Wavulana wao wote walikufa wadogo. Wa mwisho kubaki, Azzone, alikufa mwaka 1381. Alibaki binti mmoja, Valentina. Lishikeni jina hilo.

Ami wa Gian Galeazzo, Bernabò, alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa na sauti kubwa na hasira za karibu, na alipenda uwindaji kiasi cha kuwalazimisha raia wamtunzie mbwa wake. Mkewe, Regina della Scala wa Verona, alimzalia watoto 15, mbali na wengi wa nje ya ndoa. Mabinti aliwatawanya kama mtu anayepanda mbegu. Taddea alikwenda Bavaria, Verde Austria, Antonia Württemberg, Valentina mwingine Kupro kwa mfalme, Agnese Mantova. Mwaka 1379 aliwagawia wana watano wa ndoa miji yao, kila mmoja fungu lake: Marco, Ludovico, Carlo, Rodolfo na Mastino.

## Mtiririko wa matukio

Galeazzo alifariki Agosti 1378. Gian Galeazzo akawa mtawala wa Pavia akiwa na miaka 26, mjane, mkono wake ukiwa mwepesi kuliko wa ami yake mwenye wana watano wa ndoa. Alitafuta mke mbali, malkia kijana Maria wa Sicilia, mpango ukavunjika. Mwaka 1380 akamwoa Caterina, binti wa Bernabò. Kwa msomaji wa pwani ndoa ya binti ami si jambo geni. Kwa Kanisa Katoliki ilihitaji ruhusa maalumu. Dada wa Gian Galeazzo, Violante, naye aliolewa na Ludovico, mwana wa Bernabò. Ilikuwa ndoa ya tatu ya Violante: mume wa kwanza, Lionel, mwana wa mfalme wa Uingereza, alikufa miezi michache baada ya harusi ya mwaka 1368, na wa pili aliuawa. Basi Bernabò alikuwa ami wa Gian Galeazzo na mkwe wake pia, na Ludovico alikuwa binamu na shemeji kwa pamoja. Kwa macho ya nje nyumba ilikuwa imeshonwa vizuri.

Kwa miaka mitano baada ya hapo Gian Galeazzo aliishi Pavia kama mtu wa kutawa. Alisali sana, alitoka kwa nadra, na alipotoka walinzi walimzunguka. Milan walimwona mwoga. Bernabò na wanawe hawakumficha dharau yao.

Mwanzoni mwa Mei 1385 alituma habari kwamba anakwenda kuhiji kwenye kanisa la Bikira Maria juu ya kilima cha Varese. Njia ingempitisha kando ya Milan, ila asingeingia mjini. Angependa kumwamkia mkwe wake nje ya malango. Wapo waliomwonya Bernabò, akawapuuza. Mei 6 wanawe Ludovico na Rodolfo walitangulia kumlaki binamu yao njiani. Bernabò alifuata, amepanda nyumbu, bila jeshi. Karibu na Porta Vercellina wakasalimiana. Jacopo dal Verme, kamanda wa mamluki aliyeongoza msafara wa "mahujaji", alimshika mzee huyo pale pale, na wanawe wawili wakawekwa chini ya ulinzi. Jiji la Milan likabadili mtawala bila vita.

Bernabò alifungwa katika ngome ya Trezzo, kwenye mto Adda. Aliijenga upya yeye mwenyewe, pamoja na daraja lake la tao moja lenye upana wa mita 72, ambalo kwa karne nyingi hapakuwa na tao lingine lililolifikia. Donnina, mwanamke aliyeishi naye baada ya Regina kufariki, alimfuata kifungoni. Desemba 19, 1385 Bernabò akafa. Habari zilizozagaa ni kwamba chakula chake kilitiwa sumu, na sijaona wengi waliozikataa.

Kilichofuata ni miaka 17 ya kupanuka. Verona na Vicenza zilichukuliwa mwaka 1387, Padova mwaka 1388, ingawa hiyo ilimponyoka mwaka 1390. Mwaka 1395 alilipa florini 100,000 kwa Wenceslaus, mfalme wa Wajerumani, akapewa cheo cha duki wa Milan, yaani mtawala wa kurithishana anayemfuata mfalme kwa heshima. Sherehe ilifanyika Septemba 5 mbele ya kanisa la Sant'Ambrogio. Mwaka 1399 alinunua Pisa na kupokea Siena, mwaka 1400 Perugia. Juni 26, 1402 majeshi yake yalishinda Casalecchio, Bologna ikaanguka. Firenze ilibaki peke yake, imezungukwa, biashara yake imebanwa.

Agosti mwaka huo alikimbilia ngome ya Melegnano kukwepa tauni. Homa ikamkuta huko. Alifariki Septemba 3, 1402.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kumkamata ami yake haukuwa tamaa tupu. Bernabò alikuwa akipanga kumwoza binti yake Lucia kwa Louis wa Anjou, wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa. Kama ndoa hiyo ingefungwa, Gian Galeazzo angepoteza msaada pekee wa nje aliokuwa nao, ule uliotoka kwa ndoa yake ya utotoni, huku binamu zake wakiongezeka nguvu. Alijua pia historia ya nyumba yao: ndugu watatu walikuwa wawili ndani ya mwaka mmoja. Aliyesubiri ndiye angezikwa.

Namna alivyolitekeleza jambo inastahili kusomwa taratibu. Hakuishia kwenye kukamata. Hati ndefu ya mashtaka iliandikwa kueleza ukatili wa Bernabò na njama zake, ikasambazwa ili watawala wengine wapate la kujibu walipoulizwa. Wananchi wa Milan waliachiwa wapore majumba ya mtawala aliyeanguka, na ushuru ukapunguzwa. Mtu aliyechoka kumlishia bwana mbwa hakuwa na sababu ya kumlilia.

Uamuzi wa pili ni ndoa ya Valentina. Julai 1385, miezi miwili baada ya mapinduzi, Mfalme Charles VI wa Ufaransa alimwoa Isabeau wa Bavaria, binti wa Taddea, yaani mjukuu wa Bernabò. Gian Galeazzo akawa na adui kwenye kitanda cha mfalme. Alijibu kwa kumwoza binti yake kwa Louis, ndugu wa mfalme huyo huyo, ambaye baadaye alikuwa duki wa Orléans. Mkataba wa mwaka 1387 ulimpa Valentina mji wa Asti na florini 450,000. Ukaongeza sharti: kizazi cha kiume cha Gian Galeazzo kikikatika, Valentina na watoto wake watarithi.

Mwaka huo 1387 Gian Galeazzo hakuwa na mwana hata mmoja aliye hai wa ndoa. Sharti hilo lilikuwa bei ya kuuza vizuri. Giovanni Maria alizaliwa mwaka uliofuata, 1388, na Filippo Maria mwaka 1392. Caterina alikuwa amekaa miaka minane katika ndoa bila mtoto wa kubaki, na wavulana wote walipewa jina la Maria kwa nadhiri. Mwaka 1390 aliusia mumewe ajenge monasteri ya Wakartusi, watawa wanaoishi kwa upweke na ukimya. Jiwe la msingi la monasteri hiyo, Certosa di Pavia, liliwekwa Agosti 27, 1396. Mara kwa mara namfikiria mwanamke huyu. Baba yake alifia kwenye kifungo cha mumewe, na yeye alipaswa kulala, kusali na kuzaa katika nyumba ile ile.

Uamuzi wa tatu ni wasia. Giovanni Maria alipewa uduki wa Milan na sehemu kubwa ya Lombardia, pamoja na Bologna, Siena na Perugia. Filippo Maria alipewa Pavia, Novara, Vercelli, Alessandria, na ng'ambo ya pili Verona na Vicenza, miji ya ndugu yake ikiwa katikati. Gabriele Maria, mtoto wa nje ya ndoa aliyezaliwa na Agnese Mantegazza, alipewa Pisa. Sababu zinaeleweka. Desturi ya ukoo ilimpa kila mwana fungu. Pavia ilikuwa nyumbani kwake na alitaka ibaki na heshima yake. Naye, aliyezika wana watatu, asingethubutu kuweka kila kitu juu ya kichwa cha mtoto mmoja. Caterina aliachwa mlezi wa utawala, akiwa na baraza lenye maofisa wa ikulu na makamanda wa mamluki.

Siku baba yao anafariki, Giovanni Maria alikuwa amebakiza siku nne kutimiza miaka 14. Filippo Maria alikuwa na tisa.

## Matokeo

Kuporomoka kulianza mara moja. Mwaka 1403 Bologna na Perugia zilirudi kwa Papa, na mwaka 1404 Siena ikajitoa. Venezia ilichukua Vicenza mwaka 1404, Verona na Padova mwaka 1405. Makamanda waliopewa ulinzi wa watoto walijikatia miji: Facino Cane Alessandria, Pandolfo Malatesta Brescia, Ottobuono Terzo Parma. Gabriele Maria aliiuza Pisa kwa Firenze, na mwaka 1408 akakatwa kichwa Genova.

Caterina alijaribu kutawala kwa mkono wa chuma, akawaua wakuu waliompinga, akashindwa. Mwanawe mkubwa aligeuzwa dhidi yake. Mwaka 1404 alikamatwa Monza, akafa Oktoba 17, nako kukasemwa sumu. Giovanni Maria alikua akiwa kijana mkatili, na mbwa wake walitisha mji kuliko wale wa babu yake Bernabò. Mei 16, 1412 aliuawa katika kanisa la San Gottardo. Siku hiyo hiyo Facino Cane alifariki Pavia kwa ugonjwa. Estorre, mtoto wa nje ya ndoa wa Bernabò, aliingia Milan akajitangaza mtawala kwa majuma machache. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu Porta Vercellina.

Filippo Maria aliokoa kilichookoleka kwa njia ya kikatili. Alimwoa Beatrice, mjane wa Facino, aliyemzidi umri kwa miaka 20 hivi, akapata askari, miji na fedha za marehemu. Mwaka 1418 alimshtaki kwa uzinzi na kumkata kichwa katika ngome ya Binasco. Alitawala hadi mwaka 1447 na hakuacha mwana. Alikuwa na binti mmoja wa nje ya ndoa, Bianca Maria, aliyeolewa na kamanda wa mamluki Francesco Sforza.

## Uchambuzi

Kilichofanikiwa mwaka 1385 ni subira iliyoungana na maandishi. Alimwacha adui amdharau kwa miaka, kisha baada ya tendo hakumwachia mtu nafasi ya kulieleza kabla yake. Kupunguza ushuru kulimpa mji kwa bei ndogo kuliko jeshi. Cheo cha mwaka 1395 pia kilikuwa fedha iliyotumika vizuri, maana kilidumu hata dola ilipomegeka. Filippo Maria aliyaunganisha mabaki kwa jina hilo la duki.

Ila mbinu yenyewe ilikuwa na mwalimu ndani yake. Kila kamanda aliyekuwepo Porta Vercellina, na kila aliyesimuliwa, alijifunza kwamba Milan hupatikana kwa kumshika mtu mmoja barabarani. Watu hao ndio aliowakabidhi wanawe. Uaminifu wao ulikuwa kwake yeye binafsi na kwa mishahara aliyolipa. Vita na Firenze vilikausha hazina, na alipokufa askari walikuwa wengi kuliko fedha ya kuwalipa. Kamanda asiyelipwa alijilipa mji. Sioni kwamba Caterina, hata angekuwa na busara za Suleimani, angeweza kulizuia hilo kwa maneno.

Wengi humlaumu Caterina. Mimi naona alipewa kazi isiyofanyika: mlezi asiye na jeshi lake, binti wa mtu aliyefungwa na yule yule aliyemwachia yeye kiti, akisaidiwa na baraza la watu waliokuwa na faida katika kushindwa kwake. Laiti baraza lingekuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya makamanda na fungu la fedha lililotengwa kwa ajili yao, angalau miaka ile miwili ya mwanzo ingepita kwa utulivu zaidi.

Kuhusu wasia, mgawanyo wenyewe haukuwa dhambi. Ramani yake ndiyo iliyouangusha. Mtoto wa miaka tisa alipewa Verona akiwa Pavia, na kati yake na Verona kulikuwa na nchi ya kaka yake, ambaye naye hakuweza kujitawala. Venezia haikuhitaji hila yoyote kuona hilo. Gian Galeazzo alikuwa amemtazama Bernabò akiwagawia wana watano miji mwaka 1379, na mgawanyo huo ndio uliomrahisishia yeye kazi, kwa sababu baada ya baba kushikwa wana hawakuwa na jeshi moja la kuliita. Alikuwa na somo hilo mkononi na hakulitumia kwa wanawe.

Ndoa nazo zinahitaji neno. Bernabò na Gian Galeazzo wote waliwatoa mabinti kwa hesabu ya mwaka ule, na hesabu ya mwaka ule mara nyingi ilikuwa sahihi. Waliolipa ni mabinti. Agnese, aliyepelekwa Mantova, alikatwa kichwa na mumewe mwaka 1391 kwa tuhuma ya uzinzi, miaka sita baada ya baba aliyempa thamani kuondolewa. Valentina alifika Ufaransa mwaka 1389 akamkuta malkia ambaye babu yake alifia gerezani kwa amri ya baba wa Valentina mwenyewe. Mfalme alipoanza kuugua akili, watu walimsingizia Valentina uchawi, na mwaka 1396 akaondoka ikulu. Mumewe aliuawa barabarani Paris Novemba 23, 1407. Yeye alifariki Blois mwaka uliofuata.

Lile sharti la mwaka 1387 halikufutwa wavulana walipozaliwa. Pengine lilionekana halina kazi tena. Mwaka 1447, Filippo Maria alipokufa bila mwana, likafufuka: nyumba ya Orléans ikadai Milan kwa haki ya Valentina, lakini Francesco Sforza, mume wa Bianca Maria, ndiye aliyeingia mjini mwaka 1450. Mwaka 1499 mjukuu wa Valentina, Mfalme Louis XII wa Ufaransa, alivuka milima ya Alps na mkataba huo mkononi kumtoa Ludovico Sforza, mwana wa Bianca Maria. Wote wawili walikuwa vitukuu vya Gian Galeazzo. Aprili 1500 Ludovico alitekwa Novara, akapelekwa Ufaransa, akafungwa katika ngome ya Loches, na huko akafa mwaka 1508.